Koni Zake Zinapita, Yeye Anabaki Mlangoni

Jua la saa tatu limeshapanda ukuta wa baraza ya juu ya nyumba ya wageni, na Bi Koni amejibanza kwenye kipande cha kivuli kilichobaki. Goti moja chini, goti moja juu, na juu ya goti hilo umelala mkono wa mwanamke asiyemjua. Koni ya karatasi ameishika kwa vidole vitatu. Uzi mwembamba wa hina unashuka, unapinda, unakuwa jani, na mgeni anavuta pumzi kidogo kidogo asije akautikisa.

Mgeni anauliza jambo. Mwenye nyumba ya wageni, mwanamume mnene anayejua kusalimia kwa lugha saba na kutaja bei kwa lugha zote, anatafsiri.

"Anauliza, kesho ndiyo ile siku wanawake wanatazama mwezi kwenye chekeche?"

"Ndiyo kesho."

"Anasema ni mila nzuri sana. Amesafiri kutoka mbali kuja kuiona."

Bi Koni hainui uso. "Mwambie ni nzuri ukiwa na mume."

Mwenye nyumba anamwambia mgeni kitu kingine kabisa, maana mgeni anatabasamu na kuinua kidole gumba cha ule mkono usiochorwa.

Wanawake wa Kihindu wenyewe wanaiita Karva Chauth. Mtaa mzima unaiita siku ya chekeche. Mke hufunga tangu alfajiri, hali wala hanywi, akimwombea mumewe maisha marefu. Jioni huvaa nguo zake za harusi, hupanda juu ya paa akiwa na hina mikono yote miwili, na mwezi unapochomoza huutazama kupitia matundu ya chekeche la unga. Kisha chekeche lile lile humgeuzia mumewe, akamtazama usoni, na mume humnywesha funda la kwanza la maji.

Wasafiri hujaa kwenye baraza hii na kamera zao, kwa sababu kutoka hapa mapaa ya jirani yanaonekana kama vile uko nao pale pale. Hujaa tena usiku wa kuamkia Idi, pale Waislamu nao wanapotoka nje kuutafuta mwezi, na ukishaonekana tu wanawake wanakimbilia kwa mpakaji hina, foleni inashuka ngazi mpaka barabarani. Wageni hawaishi kustaajabu kwamba watu wa dini mbili wana njaa na wote wanatazama juu.

"Mimi mwajiri wangu ni mwezi," Bi Koni anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekaa kando yake, akifinya koni kutoka chini kama mtu anayekamua dawa ya meno. "Ukionekana, nimepata riziki. Usipoonekana, nalala."

Kwa miaka mingi mwezi ulikuwa mwajiri mwema. Siku hizi anachora wageni tu. Mkono mmoja wa mgeni haumlipi hata nusu ya alichokuwa akilipwa kwa mkono wa bi harusi, na mwenye nyumba anachukua fungu lake kabla ya kumkabidhi lililobaki. Lakini asubuhi hii si hilo linalomnyima raha.

Kabla hajanywa hata chai, alimkuta dereva wa Mama Vitambaa amesimama kwenye kizingiti cha chumba chake. Mama Vitambaa ni mwanamke wa Kihindu, mwenye lile duka kubwa la vitambaa mtaani na nyumba ya ghorofa nyuma yake. Dereva hakuingia. Alisema, "Mama anakuita leo mchana. Pitia mlango wa nyuma." Akaondoka zake.

Bi Koni ana siri ndani ya nyumba ile. Ikifichuka, wapo watakaosema amemuua mtu.

* * *

Kazi hii aliirithi kwa mama yake, ambaye hakuwa na duka wala kibao. Alikuwa na pua. Mama yule alichekecha unga wa hina kwa kitambaa cha melimeli mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto, akaukanda kwa ndimu na sukari, kisha akatia mafuta ya karafuu na maji ya mchaichai uliochemshwa mpaka ukawa mweusi. Wengine wote mtaani walitia karafuu. Mchaichai alitia yeye peke yake.

"Rangi yake ilikuwa ikikolea mpaka inatisha," anasema Bi Koni. "Na unajua wanavyosema. Hina ikikolea, mama mkwe anakupenda. Basi mabibi harusi walikuwa wanamgombania, kila mtu anataka kupendwa."

Waislamu walimwita, Wahindu walimwita. Nyumba nyingine zilikuwa hazisalimiani kwa sababu ya maji machafu au kelele za spika, lakini wanawake wao walikaa mkeka mmoja wakisubiri zamu, mikono juu kama watu waliokamatwa na polisi. Mama Vitambaa mwenyewe, alipoletwa mtaani akiwa bi harusi mwembamba asiyejua njia ya kwenda sokoni, alipakwa na mama yule.

Mama alipofariki, binti alichukua koni, na jina likaja lenyewe. Siku ya chekeche alikuwa anaingia nyumba ya Mama Vitambaa kwa ngazi ya mbele, anakaa katikati ya ua, na mzee wa nyumba, mume wa Mama Vitambaa, anapita akitania: "Bi Koni, mpake vizuri huyu. Ikikolea ndiyo na mimi naishi."

Mume wa Bi Koni alikuwa fundi wa majokofu. Alianguka kazini mwaka jana, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, na hakuamka. Daktari alisema presha. Alikuwa hajawahi kulalamika hata kichwa.

"Siku ile nilikuwa na hina mikononi," anasema, na hapa anaacha kuchora. "Nilijipaka mwenyewe, nikiwa mke wa mtu, mkono wenye mume. Tena ilikuwa imekolea sana. Hilo nalo nani atanieleza?"

Mgeni ameanza kuchoka mkono. Bi Koni anarudi kwenye jani lake.

* * *

Akakaa eda. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, na hina ni katika mapambo. Wasafiri wakisikia habari hiyo nayo huandika kwenye simu zao. Hawaulizi mjane anakula nini, na zaidi mjane ambaye mapambo ndiyo kazi yake.

Idi ikawa inakuja, na wateja wanapiga simu. Bi Koni akamwita wifi yake, dada wa marehemu, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuchora miaka miwili nyuma kwa mapenzi tu.

"Wifi, nishikie wateja wangu mpaka nitoke eda."

"Usiwe na wasiwasi, wifi. Wako ni wangu."

Alisema kweli kuliko walivyojua wote wawili.

Wifi alikuwa na mkono mzuri wa kuchora lakini hina yake ilitoka rangi ya karoti. Akaja analalamika. Basi Bi Koni, ndani ya eda, akawa anamkandia. Hakutoka nje. Hakujipaka. Alichekecha, alikanda, akajaza koni, akazifunga ncha, wifi akazibeba kwenye kapu. Senti iliyopatikana waligawana, na binti wa Bi Koni akalipiwa mtihani.

Kosa lake lilikuwa moja. Ukijaza koni, hata uwe hodari vipi, vidole vitatu vya mkono wa kulia vinaingia rangi. Kwa miaka yote vidole vyake vilikuwa hivyo, vyekundu ncha, na yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau kuviona. Siku majirani walipokuja kumjulia hali, akawapa maji kwa mkono ule.

Walikunywa. Walitazamana. Mmoja akavuta hewa puani.

"Mjane ana vidole vyekundu na ananukia karafuu," anasema, akiiga ile sauti ya kunong'ona. "Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Kabla ya sala ya Ijumaa ikawa nimepaka mikono yote miwili na miguu. Wakatia chumvi mpaka ikawa kuna mwanamume."

Shehe wa msikiti aliulizwa. Akajibu, bila kuzungukazunguka, kwamba doa la kazi si pambo, na mwanamke amekaa eda yake sawasawa. Jibu lilikuwa zuri, ila lilifika watu wakiwa wameshachoka kusikiliza. Mama mkwe wake alimletea beseni, ndimu na jivu, akamsugua vidole mpaka vikatoka damu. Hakumtukana. Alikuwa analia na kusugua.

Alipotoka eda, waliompigia simu kwa harusi za Kiislamu walikuwa wachache. Wengine hawakusema sababu. Akajikaza. Akajiambia kwamba ipo siku ya chekeche, na nyumba ya Mama Vitambaa haina habari za eda.

Siku ya kuamkia chekeche akavaa vizuri, akabeba kapu lake, akapanda ngazi ya mbele. Mkwe mkubwa wa nyumba, mke wa kijana wa kwanza wa Mama Vitambaa, alimkuta ngazi ya tatu kutoka juu. Alikuwa mpole. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

"Bi Koni, pole sana kwa msiba. Tutakupigia."

"Nimekuja kwa ajili ya kesho, dada."

"Najua. Lakini unaelewa siku yenyewe ilivyo. Tunaomba uhai wa waume zetu. Mkono wa… si vibaya, lakini watu wanaogopa kisirani. Utatusamehe."

Wakamletea chai pale pale kwenye ngazi. Aliinywa. Anasema hakujua kama kuinywa ni heshima au ni ujinga.

Alipokuwa akitoka getini, wifi yake alikuwa anaingia.

* * *

Hapa ndipo siri inapoanza. Jioni ile ile wifi alikuja chumbani kwake na kapu tupu.

"Wifi, nitengenezee zile koni. Kule kwa Mama Vitambaa."

"Kule si wameniambia nina kisirani?"

"Wewe, ndiyo. Koni hazina kisirani." Kisha akaona alivyosema, akakaa chini. "Wifi, tutakula nini? Nikiwapelekea ile yangu ya karoti wataniondoa, wataleta mtu mwingine, na tutakosa sote. Mimi nasema nakanda mwenyewe. Tunagawana. Nani atajua?"

Bi Koni alikanda. Anasema alikanda kwa hasira, na hina ya hasira, kwa taarifa yenu, inakolea kama nyingine. Siku ya pili wanawake wote wa nyumba ya Mama Vitambaa walipanda juu ya paa na mikono iliyopakwa hina ya mjane, wakaombea waume zao uhai mrefu, wakashuka wakala.

Miezi mitano baadaye mzee wa nyumba akafariki.

"Nilipopewa habari, nilifunga mlango," anasema. "Mimi siamini kisirani. Siamini kabisa. Lakini usiku ule nilikaa kitandani najiuliza, je, kama wao ndio walio sawa?"

Tangu hapo yeye na wifi hawajalizungumza jambo lile. Kila mmoja anajua mwenzake anajua. Wifi sasa ana wateja wa mtaa mzima, kwa koni anazoendelea kukandiwa, na amenunua cherehani. Bi Koni ana wasafiri wa nyumba ya wageni, ambao hawajui lugha ya kumwita mkosi.

Ndiyo maana dereva aliposema "Mama anakuita," kikombe cha chai kilipoa bila kuguswa.

* * *

Mlango wa nyuma wa nyumba ile unapita jikoni, kisha kuna ngazi nyembamba ya chuma ambayo wafanyakazi huanikia matambara. Bi Koni alipanda. Chini, uani, wanawake walikuwa wameshaanza kupanga mikeka, wanacheka, mtu anajaribu muziki.

Mama Vitambaa alikuwa amekaa kitandani amevaa nyeupe ya ujane. Mikono yake, iliyokuwa na bangili mpaka viwikoni, ilikuwa mitupu.

"Kaa," alisema. Bi Koni akataka kukaa sakafuni. "Hapo chini unatafuta nini? Kaa kitandani. Nipe mkono wako wa kulia."

Akampa. Yule mama aliuinua mpaka puani, akanusa ncha za vidole, akafumba macho.

"Mchaichai."

Bi Koni anasema alitamani sakafu ipasuke.

"Mwaka jana nilikaa pale uani katikati ya wakwe zangu, wifi yako akaninyooshea koni, nikanusa. Nilipakwa hina hii siku ya harusi yangu na mama yako. Nimezeeka macho na magoti, pua bado."

"Ulijua, mama?"

"Nilijua kabla hajachora hata nukta."

"Na ukapaka?"

"Nikapaka. Ilikolea vizuri."

"Na mzee, mama… baba…"

"Mzee alikuwa na miaka themanini na figo zote mbili mbovu. Usijipe ukubwa usiokuwa nao."

Bi Koni akaanza kulia, na ndani ya kilio akajikuta anacheka, kwa sababu miezi saba alikuwa amejibebesha maiti isiyo yake. Alipopata sauti aliuliza swali ambalo hakuwa amepanga kuuliza.

"Kama ulijua, mama, na uliona ni ile ile, na hukuogopa, kwa nini hukusema? Nilinywea chai kwenye ngazi yako."

Chini wakapiga vigelegele vya mzaha. Mama Vitambaa alisubiri vipite.

"Nilikuwa na mume," alisema. "Sikuwa na haja ya kusema."

Kisha akamweleza yake. Baada ya msiba, ilipofanyika harusi ya ndugu yao, mkwe mkubwa alimwomba kwa upole ule ule asishuke ukumbini mpaka maharusi wapite. Kesho, siku ya chekeche, ambayo kila mwaka yeye ndiye aliyekuwa akisimulia kisa cha siku hiyo wanawake wakiwa wamemzunguka, atakaa chumbani. Chakula kitaletwa juu. Amejenga nyumba hii pamoja na mumewe tofali kwa tofali, na amepewa chumba cha ngazi ya matambara.

Bi Koni alisubiri. Anakiri kwamba alikuwa na tamaa. Aliona hapa sasa kuna mwanamke mwenye nyumba, anayejua ukweli, aliyechomwa na moto ule ule. Neno moja tu kutoka kwake na ngazi ya mbele ingefunguka.

"Sasa sikiliza, mwanangu," Mama Vitambaa alisema. "Wameshaizoea rangi ile. Wifi yako akija bila hiyo wataanza maswali. Wakianza maswali watafika kwako, na wakifika kwako watafika kwa mzee. Kanda kama kawaida. Mimi sitasema neno. Nina wakwe wawili wa kuishi nao mpaka nife."

"Nilidhani ameniita anipandishe," Bi Koni anasema. "Kumbe ameniita anihakikishie kwamba nabaki chini. Na mkono wangu hakuuachia. Alikuwa ameushika muda wote, mpaka sauti za kule chini zikaanza kugombania zamu za jioni. Sijui alikuwa ananifariji mimi au anajifariji yeye."

Alishuka kwa ngazi ile ile ya chuma. Jikoni mpishi alimpa andazi kwenye karatasi. Alilichukua, akampa mbwa wa getini.

* * *

Chumba chake kina kitanda kimoja, meza ya binti ya kusomea, na jokofu bovu ambalo marehemu hakuwahi kupata nafasi ya kulitengeneza. Ndani yake huhifadhi unga wa hina, kwa sababu lina giza. Koni alikuwa amezijaza tangu jana. Zimepangwa kwenye beseni chini ya taulo bichi, ncha zimefungwa, na chumba chote kinanukia mchaichai.

Wifi anaingia bila kubisha. Ni mwanamke mchangamfu, mwenye sauti ya kujaza chumba, na leo ana haraka.

"Wifi, hujambo? Wameshaanza kunipigia. Ziko wapi?"

"Ziko hapo."

Anainua taulo. "Alhamdulillahi."

"Zichukue," Bi Koni anasema. "Lakini ukifika, uwaambie ni zangu."

Wifi anacheka. Halafu anaona mwenzake hacheki.

"Wifi, una homa?"

"Sina. Waambie, hizi kakanda wifi yangu, na za mwaka jana pia. Wakizikubali, tugawane kama kawaida. Wakizikataa, warudishe."

"Watasema umemuua mzee!"

"Waseme."

"Na mimi? Watasema nini kuhusu mimi? Nina watoto watatu, wifi. Kaka yangu angekuwa hai asingekuruhusu kunitia mchanga kwenye kitumbua changu."

"Kaka yako angekuwa hai," Bi Koni anasema, "kitumbua kingekuwa changu."

Binti mezani ameacha kuandika. Wifi ameshika taulo mkononi. Kwa muda mfupi anaonekana kama mtu anayetaka kusema jambo la kweli. Kisha anarudisha taulo juu ya beseni, taratibu, analinyoosha pembe, na kutoka na kapu lake tupu.

"Atanunua za paketi dukani," Bi Koni anasema. "Zinatoka rangi ya kutu."

Hasemi kwa furaha. Anakaa kitandani na kuanza kuhesabu kwa sauti ya chini vitu alivyovipoteza jioni hii, anafika kwenye ada ya binti, anaacha kuhesabu.

* * *

Siku ya chekeche baraza ya nyumba ya wageni haina pa kuweka mguu. Bi Koni amekuja na beseni lote. Hina iliyokandwa kwa ajili ya uhai wa waume wa nyumba ya Mama Vitambaa inaishia kwenye mikono ya wageni, mmoja baada ya mwingine, na yule mwanamke wa jana amerudi kuonyesha lake. Jani limekolea rangi ya kahawa iliyoungua. Bi Koni anaugeuza mkono kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake unalegea.

"Anauliza ikikolea hivi maana yake nini," mwenye nyumba anatafsiri.

"Mama mkwe anampenda sana."

"Anasema hajaolewa."

"Basi ana bahati kuliko sisi wote."

Safari hii mwenye nyumba anatafsiri sawasawa, na mgeni anacheka mpaka anashika mbavu.

Giza linapoanza kuingia, mapaa yanajaa nguo nyekundu. Kwenye paa la nyumba ya duka la vitambaa wanawake wamejipanga, na mwezi unapoinuka nyuma ya matangi ya maji, machekeche yanapanda yote kwa pamoja. Kamera zinalia. Ni jambo zuri kulitazama, hata Bi Koni hakatai. Anatazama na yeye. Lakini jicho lake limeshuka kwenye dirisha la ghorofa ya chini ya paa, ubavuni, penye ngazi ya chuma. Kuna taa moja na kivuli cha mtu aliyekaa.

Anaulizwa kama ana hakika anataka haya yaandikwe gazetini. Wifi atasoma. Wakwe wa nyumba ile watasoma. Na Mama Vitambaa alishasema kwamba hatasema neno.

"Yeye alisema hatasema," anajibu. "Mimi sikumwahidi kitu. Andika. Hina ya mwaka jana ilikuwa yangu, na ya miaka yote ya mama yangu ni yetu. Wakitaka kuiosha wamechelewa, imeshatoka yenyewe."

Anafuta ncha ya koni kwenye kitambaa. Anasema ameona fremu moja ya duka iliyokuwa ya kinyozi, mtaa wa pili, na mwenyewe amekubali kumsubiri mpaka Idi ijayo. Ni ndogo, ina kioo kimoja kilichopasuka na inatazama barabara. Atakayetaka rangi ya mchaichai aje, mwenye mume na asiye na mume, avue viatu, akae mkekani asubiri zamu. Yeye haendi tena nyumba ya mtu.

Fremu ile ina mlango wa nyuma pia, unaotokea uchochoroni. Ameshaongea na fundi. Kabla hata ya kupaka rangi na kuweka kibao, auzibe kwa tofali.